Mafundi Redio Wawili na Ndege ya Povu

Wanangu mnaotaka kurusha ndege za rimoti, kaeni kwanza, wekeni hizo betri chini. Najua mnavyokuja. Mnakuja na simu mkononi, mmeshatazama video kumi, mnaniambia, "Shikamoo Bibi Hadija, sisi tumeshaelewa, tupe tu turushe." Marahaba. Sasa nijibuni: ndege ikiwa inakuja usoni kwako, nawe unataka iende kushoto kwako, unasukuma kijiti wapi? Hapo ndipo mnapoanza kutazamana.

Msione haya. Swali hilo lilinivunjia ndege mbili kabla sijalijua jibu lake.

Mimi nilikuwa fundi redio. Kibanda changu kilikuwa Ipagala, na kwa miaka zaidi ya thelathini nilikula, nikavaa na kusomesha watoto kwa pasi ya kulehemu. Kwetu ni Kondoa, Mrangi mimi. Nilipoanza kazi, wateja walikuwa wakichungulia ndani na kuuliza, "Fundi yupo?" Nawajibu, "Ndiye huyu mnayemuuliza." Wengine waliondoka na redio zao. Wengi walirudi.

Mwenzangu kibandani alikuwa Yona, Mgogo wa Mpwapwa. Yona haoni. Surua ilimpofusha akiwa mdogo, akasomea Buigiri kwenye shule ya watoto wasioona, na alipokuja kwangu kuomba kazi nilimpa redio iliyokufa ili nimwondoe kwa heshima. Akaifungua, akaipapasa, akainusa. Akasema, "Spika ni nzima. Kuna kitu kimeungua upande huu wa kulia, karibu na swichi." Kweli. Hakuondoka tena. Alikuwa akilehemu kwa kubana nyaya mbili na kibanio cha nguo, anafuata ukingo wa kibanio kwa kidole mpaka anafika mahali. Aliungua sana wakati wa kujifunza. Mimi pia niliungua sana, na macho ninayo.

Ndege ya kwanza ililetwa na mteja, bwana mmoja wa ujenzi wa barabara. Aliacha boksi, akasema kitu chake hakiwaki, akahamishwa kikazi. Tulipompigia simu akacheka: "Kaeni nayo, mimi imenishinda." Waya mmoja tu ulikuwa umekatika ndani ya tumbo lake, na aliyeupata ni Yona, kwa ukucha.

Basi asubuhi moja tukaipeleka kwenye uwanja wa mpira. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Idi, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka nionekane rubani. Watu wakajaa. Nikairusha kwa mkono, ikapanda kidogo, kisha nikaona pua inainama. Nikavuta kijiti ili ipande. Ikazidi kuinama. Nikavuta kwa nguvu zote, nayo ikaenda moja kwa moja ardhini mbele ya goli, ikasimama wima, mkia juu.

"Mama Redio kapanda muhogo!" mtu akapaza sauti, na uwanja mzima ukacheka.

Yona peke yake hakucheka. Alikuwa nyuma yangu, kichwa kakiinamisha upande mmoja.

"Ulivuta ipande?"

"Nilivuta mpaka kijiti kikagota."

"Na kadiri ulivyovuta ndivyo ilivyokimbilia chini. Nimeisikia. Basi ule ulimi wa mkia umeufunga kinyume, Dada Hadija. Wewe unaamuru juu, wenyewe unasikia chini."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi mwenyewe niliufunga, kwa mikono yangu ya miaka thelathini. Tangu siku hiyo tukawa na utaratibu, nanyi mtaufuata. Kabla ya kurusha, mmoja anashika rimoti na mwingine anaweka vidole kwenye mkia na mabawa. Mwenye rimoti anasukuma na kutamka: "Juu!" Mwenye vidole anajibu anachokihisi: "Juu." "Kushoto!" "Kushoto." Msikague kwa macho, macho yana haraka, yanaona kile ulichotarajia kuona. Kwa vidole vya Yona hatukupanda tena muhogo wa aina ile. Tulipanda wa aina nyingine.

Kesho yake mtendaji wa mtaa akatuita. Tukadhani anataka kucheka naye.

"Mama, unajua uwanja wa ndege uko wapi?"

"Najua."

"Na ndege za watu unajua zinapita wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Akatuelekeza mahali pa kuomba kibali, tukazunguka ofisi mpaka viatu vikalalamika, na barua tuliyoipata mwishoni bado hukaa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya boksi la ndege. Pia hatukurusha tena mjini. Tulikwenda mbali, mashambani, baada ya kuongea na mwenyekiti wa kijiji. Mtu asiwadanganye kwamba kwa kuwa ni ndogo haina sheria.

Sasa ndege yenyewe. Anayeanza asitafute nzuri. Atafute yenye bawa juu ya mgongo, kwa sababu hiyo hutulia yenyewe ukiiacha, na iwe ya povu. Tuliyoichonga sisi ilitokana na lile povu jeupe gumu linalozunguka televisheni mpya kwenye boksi lake. Kibandani tulikuwa nalo rundo. Tulilikata kwa waya uliopashwa moto. Ikianguka, unapaka gundi, unakunywa chai, unarudi. Chini ya bawa la kushoto nilibandika utepe mwekundu, la kulia mweusi, maana ikishafika mbali ndege yote inakuwa kunguru, hujui inakuja au inakwenda.

Na kabla ya kurusha, ipime. Weka kidole kimoja chini ya kila bawa, kama theluthi moja kutoka ukingo wa mbele, uinyanyue. Ikilala sawa, au pua ikiinama kidogo, nenda. Mkia ukishuka, rudi nyumbani. Mimi sikurudi. Ndege yetu ya kwanza ya povu ilipanda kama mbuzi anayetaka kuruka ukuta, ikasimama hewani, ikaanguka chali. Yona akaipokea vipande, akavishika pamoja, akavipima vidoleni.

"Mkia umezidi. Kama kijiko kimoja cha sukari hivi."

"Kijiko cha chai au cha chakula?"

"Cha chai. Cha kwako, kile unachojaza mlima."

Tukayeyusha lehemu, tukaweka donge puani. Safari iliyofuata ilizunguka shamba mara saba ikashuka nzima.

Lile swali langu la mwanzo jibu lake ni hili. Ndege ikija usoni kwako, usianze kuhesabu kushoto na kulia, utachelewa. Tazama ni bawa lipi limelala, sukuma kijiti upande huohuo, kama mtu anayeweka tegemeo chini ya nyumba inayoinama. Litanyanyuka. Na ukitaka iende kushoto kwako? Kumbuka sasa mmetazamana: kushoto kwako ni kulia kwake, basi sukuma kijiti kulia. Niliyajua haya baada ya kuvunja ndege mbili nyingine.

Upepo wa kwetu nao mnaujua. Kiangazi, jua likipanda, uwanda huu wote unaanza kupuliza, na visulisuli vinainuka na vumbi na majani ya mahindi. Ndiyo maana tunarusha asubuhi. Kuna siku niliona betri bado inayo nguvu, nikataka mzunguko mmoja zaidi. Yona alikuwa amekaa kwenye ndoo, shingo wazi.

"Ishushe," akasema.

"Mbona shwari?"

"Shwari kwako. Mimi upepo umenihama kutoka shavu hili kwenda hili. Ishushe."

Sikushusha. Kisulisuli kiliinuka nyuma ya matuta, kikaichukua ndege kama mtu anavyookota kofia, kikaondoka nayo. Tulitafuta siku mbili kwenye miiba. Siku ya tatu mama mmoja mchunga mbuzi akaja nayo kwapani. "Nimewaletea ndege wenu," akasema. "Nimemchinja, hana damu."

Nimewapa hadithi za kucheka. Sasa niwape ile ambayo sikucheka.

Redio zilipungua. Watu wakawa na simu, na televisheni za siku hizi zikiharibika hazifunguliwi, zinatupwa. Tukafunga kibanda. Siku ya mwisho tulikuwa tunapanga vifaa kwenye makatoni, mimi na Yona. Alikuwa anarudi Mpwapwa kwa mkewe. Kisha akasema, bila kunigeukia:

"Dada Hadija, kabla sijaondoka. Nataka kuirusha."

"Kurusha nini?"

"Ndege. Miaka yote hii mimi ni mkaguzi tu. Mikono hii sasa haina kazi. Nataka niirushe mara moja."

Nami nikasema, haraka, kama mtu anayefukuza inzi, "Utarushaje kitu usichokiona?"

Wanangu, neno likishatoka halina waya wa kulivutia. Yule mtu alikuwa ameshika umeme mbele yangu miaka na miaka, nikimwamini na mali za watu. Alikuwa amesikia kosa langu pale uwanjani kabla mimi sijaliona. Akafunga katoni lake kwa kamba, fundo juu ya fundo, akasema tu, "Sawa." Mkewe alipokuja kumchukua waliagana nami vizuri. Lakini nilipopiga simu wiki ile haikupokelewa. Wala mwezi ule. Wala uliofuata. Mkewe, Mama Neema, ndiye aliyekuwa akipokea mara mojamoja na kusema, "Yupo, amelala," saa nne asubuhi.

Mwezi wa tatu tangu aondoke nikakaa na rimoti mezani na karatasi ya maelekezo ambayo sikuwahi kuisoma hadi mwisho. Mafundi tuna ugonjwa huo. Kumbe nyuma ya rimoti kuna tundu. Ukiwa na rimoti mbili unaziunganisha kwa waya: moja ya mwalimu, nyingine ya mwanafunzi. Mwalimu akibonyeza kitufe na kukishikilia, ndege inamtii mwanafunzi. Akikiachia tu, inarudi kwake. Nilikuwa na rimoti ya pili, ya ile ndege ya mteja. Kitu kilikuwepo muda wote. Aliyekosa kukiona ni mimi mwenye macho.

Nikapanda basi la Mpwapwa na boksi langu mapajani, kisha bodaboda hadi kijijini kwao. Yona alikuwa amekaa barazani anachambua maharage.

"Hodi hapa."

Akanitambua kwa sauti, akaacha kuchambua. "Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo, kama anayemsalimu mgeni. Nikaitikia, nikakaa chini, sikungoja kigoda.

"Kaka Yona, nilisema neno baya."

"Ulisema unaloliona."

"Niliona vibaya. Nimekuja na rimoti mbili. Zinataka waya wa kuziunganisha, na mimi siku hizi mkono unatetemeka. Wewe unao mkono?"

Akasogeza maharage pembeni. Halafu akasema, "Mama Neema, niletee kibanio cha nguo."

Siku tatu tulikaa kwenye shamba la mtama la shemeji yake, Stefano, lililokuwa limeshavunwa. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma barua yetu mara mbili, akaipiga muhuri, akasema naye atakuja kutazama. Siku ya kwanza nilirusha mimi, Yona akasikiliza. Nilimwambia anionyeshe ndege iko wapi. Kidole chake kiliifuata angani mstari kwa mstari, kama kimefungwa uzi. Akanieleza ninyi nami tusichokijua: ikija kwako, sauti ya pangaboi inakuwa nyembamba, ikienda, inanenepa. Ikigeuka, inalegea kidogo halafu inakaza. "Inazungumza kuliko wewe," akasema. Siku ya pili nilishika kitufe sekunde chache, nikaachia. Nikashika tena, nikaachia. Mara mbili aliiinamisha kupita kiasi, nikaichukua.

Siku ya tatu watu walikuja. Mwenyekiti, majirani, wanawake waliokuwa wanakwenda kisimani wakatua ndoo zao. Upepo ulikuwa mwepesi kutoka mashariki, na ndege hurushwa kuelekea upepo, kwa hiyo tulikuwa tunatazama kule jua linakochomoza. Hilo nililijua. Nililipuuza.

"Juu!" nikatamka.

"Juu," akajibu Yona, vidole mkiani. Tukamaliza ukaguzi wote. Stefano akakimbia hatua tano, akairusha. Nikaipandisha mpaka juu ya miti, nikaituliza.

"Sasa ni yako." Nikabonyeza kitufe.

Ilitikisika kidogo, halafu ikanyooka. Akaigeuza kushoto, taratibu, mdomo wake ukitembea kama anayesoma. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Kwenye mzunguko wa tatu aliiacha iende mbali zaidi, nami nikaifuata kwa macho, ikaingia moja kwa moja ndani ya jua.

Nikaona weupe mtupu. Nikafumba macho, nikafumbua: madoa meusi, mekundu, ndege haipo. Kidole changu kikataka kuachia kitufe. Hayo ndiyo mazoea ya mkono: hatari ikija, chukua. Lakini nichukue niipeleke wapi?

"Yona, siioni!"

"Mimi ninayo."

"Siioni kabisa!"

"Ninayo, dada. Inakwenda. Usiachie. Ninaigeuza." Sauti yake haikupanda. "Inalegea... sasa imekaza. Inakuja. Iko kulia kwetu, juu ya nini pale, kuna mti?"

Sikuwa naona mti wala kulia. Nilishikilia kitufe kwa vidole gumba viwili, machozi yananitiririka, nikamwamini. Na ikatoka. Ikatoka kwenye jua upande wa kulia, juu ya mgunga wa Stefano, pale pale alipokuwa ameelekeza kidevu chake, mabawa yamelala sawa kama meza.

"Naiona!" nikapiga kelele. "Naiona, Yona!"

"Nilikwambia ninayo."

Vigelegele vikalipuka. Nikamwambia nitaishusha mimi sasa. Akatikisa kichwa.

"Niishushe mimi. Ila mota ikizimwa sina kitu, nina sauti yako tu. Usinidanganye hata kidogo."

Basi nikawa sauti. "Zima mota. Shuka hivyohivyo. Bawa la kulia limelala, linyanyue... basi. Umefika kimo cha mti. Kimo cha nyumba. Subiri. Subiri, Yona. Kimo cha mtu. Sasa vuta kidogo... kidogo tena..."

Ikagusa ardhi kwa tumbo, ikateleza kati ya mabua ya mtama, ikazungukia ubavu mmoja, ikasimama.

"Imefika?"

"Imefika."

"Nzima?"

"Nenda ukaikague."

Akanikabidhi rimoti, akaenda peke yake, hatua ishirini na kitu, akapiga goti mahali penyewe. Akaipapasa kuanzia pua hadi mkia, bawa hili, bawa lile. Kisha akaishika kichwani kwake kwa mikono miwili, akacheka kicheko ambacho miaka yetu yote kibandani sikuwahi kukisikia. Mama Neema alimkimbilia akiimba. Mwenyekiti akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mama, hapo kweli alikuwa anaendesha nani?" Nikamwambia, "Mwenyekiti, wakati ule mimi nilikuwa kipofu. Fanya hesabu mwenyewe."

Upepo ulipoanza kuchachamaa tukafunga vitu. Nilitaka kuirudisha ndege kwenye boksi, Yona akakataa. Akaibeba begani, bawa limepita nyuma ya shingo, akatangulia yeye kwenye njia ya kwenda nyumbani, fimbo mkono mmoja, Mama Neema pembeni yake, sisi wengine nyuma. Kila nyumba tuliyopita alisimama kusalimia, yeye ambaye kwa miezi mitatu hakutoka barazani.

Bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mtama uani akasita na ungo wake.

"Yona, umebeba nini hicho?"

"Shikamoo, bibi. Ndege."

"Marahaba. Ya nani?"

"Yangu," akasema Yona. "Natoka kuirusha."

Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake, nimebeba boksi tupu. Sikumsahihisha.